Nyumba Yenye Akili na Sala ya Mwaitu

Mnaoniita fundi, sikieni hii mnicheke vizuri. Likizo iliyopita nilitandaza nyaya nyumba nzima ya Mwaitu, mama yangu, kule Katelembo, nikaziunganisha na vifaa nilivyojiundia kwa michoro ya bure ya mtandaoni.

"Sasa nyumba iko na akili," nilimwambia. "Isipoona mtu akisogea, inajua mmetoka. Inazima taa na kuanza kuvizia wezi."

"Asante, mwanakwa," akasema, akaita jumuiya yake yote ya kanisa waje kuibariki.

Jioni sebule ilijaa. Tukapiga magoti, tukafumba macho, Mwaitu akaanza kuniombea, na Mwaitu akiniombea hana haraka. Hakuna aliyetikisika. Mara taa zikazimika. Nikang'amua: nyumba ilikuwa imeamua hatupo, na wa kwanza kusogea angeamsha king'ora. Nikaganda, nikiomba sala isiishe.

"Amina!"

Mikono yote ikainuka kufanya ishara ya msalaba. King'ora kikalia hadi ng'ambo ya bonde, na majirani wakaingia mbio na mapanga.

"Mwizi ako wapi?"

Mwaitu akanielekezea tochi nikiwa nang'oa nyaya.

"Ni huyu. Lakini msimpige, ni wangu."