Ndoo Yenye Kitambaa Chekundu

Mama alihifadhi maharage kwa majivu. Aliyaanika, akayapepeta, akayachanganya na majivu ya jikoni na pilipili kavu iliyotwangwa, kisha akayaweka kwenye ndoo na kufunika. Kwa hiyo nyumbani kwetu, karibu na Rubya, maharage hutoka ndooni yakiwa na vumbi la kijivu. Unayaosha mara mbili, unapika. Hakuna anayejiuliza vumbi hilo ni nini.

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Nilibaki na kibanja, yaani shamba letu la migomba, bustani ya mboga nyuma ya jiko, na wadogo zangu watatu: binti wa miaka kumi na miwili, mvulana wa tisa, na kitinda mimba wa minne. Nilibaki pia na nafasi ya baba kwenye mkeka. Kwetu ndizi na maharage hupikwa pamoja, hupakuliwa juu ya majani ya mgomba, na mdogo hagusi mpaka mkubwa wa nyumba atie mkono. Shangazi, dada yake baba, alipoona watoto wananisubiri mimi, alicheka mpaka akashika mlango.

"Ehe! Siku hizi mzee wa nyumba anavaa gauni?"

Niliona aibu, lakini sikuiacha desturi ile. Niliogopa kwamba nikiiacha, tutakuwa watoto wanne tu wanaolala nyumba moja.

Msimu mmoja fukusi walikula karibu nusu ya mbegu zetu za maharage. Niliogopa kukosa cha kupanda. Gulioni mtu mmoja aliniuzia unga wa kijivu uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni, bila karatasi ya maelezo. "Ni wa mbegu tu," alisema. "Usile." Nilichanganya mbegu na unga ule, nikazitia kwenye ndoo iliyofanana na ile ya chakula, nikafunga mpini kwa kitambaa chekundu, nikaisukuma mvunguni mwa kitanda changu. Wadogo zangu niliwaambia neno moja: msiiguse. Kwa nini, sikusema. Nilidhani sauti yangu inatosha.

Wiki chache baadaye nilikuwa Bukoba mjini, nikiuza nyanya chungu na mchicha wa bustani yetu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Simu ikaita kwa namba ya jirani. Alikuwa mdogo wangu wa kike.

"Dada, usinunue maharage. Nimepata."

"Umepata wapi?"

"Kwenye ndoo yako unayotuficha. Usikasirike, vikombe viwili tu. Majivu nimeshayaosha, nayabandika sasa hivi."

Nilifungua mdomo, simu ikakatika. Nilipiga tena na tena. Haipatikani.

Mama wa Kiislamu aliyeuza viungo pembeni yangu aliniona nikiruka meza. "We binti, unazikimbia nyanya zako? Nitazila zote!"

"Zile, mama! Zile!"

Garini sikuweza kukaa vizuri. Maharage makavu huchukua saa mbili kuiva. Ndizi hutiwa mwishoni. Tulipofika Kemondo dereva alisimama kupakia magunia ya dagaa. Kila gunia lililopandishwa, kwangu lilikuwa kuni nyingine chini ya chungu. Niliendelea kupiga simu. Niliwaona wale watatu wakilala kwenye mkeka, mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyeinunua dawa ile kwa mkono wangu. Nilipochukua bodaboda kwa kipande cha mwisho, nilimwambia kijana aendeshe kama anafukuzwa.

Walikuwa wamekaa. Chakula kilikuwa katikati, kimefunikwa kwa majani, mvuke ukitoka pembeni. Kitinda mimba alikuwa akilia.

"Mzee wa nyumba, tumekufa njaa," alisema mvulana.

"Nani amekula?"

"Tungekulaje? Hukuwepo."

Niliyakunja majani yale na kila kilichokuwemo, nikayabeba kifuani, moto ukiniunguza, nikayatupa kwenye shimo la choo. Niliporudi, yule wa kike alikuwa amesimama, uso umebadilika.

"Nani ameonja?" niliuliza.

"Mimi. Punje tatu. Nisingejua kama yameiva."

Hospitalini waliniuliza jina la dawa. Sikulijua. Waliuliza rangi, nikasema kama majivu, nikaona muuguzi anamtazama mwenzake. Mdogo wangu alitapika mara moja, akatokwa na jasho, akalala akinishika kidole. Nilihesabu pumzi zake mpaka nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Jua lilipoelekea kuzama aliomba uji.

"Angekula alipokaa na wenzake," muuguzi alisema, "leo tungekuwa na maneno mengine."

Tulipofika nyumbani tuliwakuta kuku wawili wamekufa nyuma ya jiko, mahali mdogo wangu alipomwaga maji ya kuoshea maharage.

Zile mbegu nilizichimbia shimo refu mbali na bustani, pamoja na ndoo yake na kitambaa. Chungu nilikivunja. Mwaka ule tulipanda mbegu za kuomba kwa majirani. Sasa nahifadhi kwa majivu na pilipili, na fukusi wanakula fungu lao, nawaachia. Wadogo zangu niliwaeleza yote, hata ujinga wangu.

Bado wananisubiri. Shangazi alikuja juzi akakuta tumekizunguka chakula, akataka kucheka, akajizuia; alikuwa ameshasikia yaliyotupata. Nilitia mkono kwanza. Nilitafuna polepole, nikameza, nikangoja kidogo nikilisikiliza tumbo langu.

"Dada," kitinda mimba alisema, "kinapoa."

"Kipoe," nilisema. "Subiri."