Mfagiaji na Kiti cha Askofu

Waumini wote mjulishwe: mfagiaji wa kanisa letu amejitangaza kuwa mtoto wa Mungu, tena mrithi. Nimemchunguza wiki tatu. Ofisini kwa mchungaji huingia bila hodi. Kiti cha askofu, ambacho sisi wazee wa kanisa hukipita kwa kunyata, yeye hukikalia akifunga kamba za viatu, vidole vikinuka sabuni, huku akinong'ona, "Asante, Baba." Huyu ana lake jambo. Jana tulimweka kati ili tumnyang'anye ufunguo wa kanisa. Nikambana: "Ndugu yangu, kama kweli umefanywa mwana wa nyumba hii, mbona bado unafagia?"

Akaninyooshea ufunguo, na ufagio juu yake.

"Kwani kwako, mzee, watoto hawafagii?"