Bwana wa Marehemu

Siku niliyoifunika kompyuta ya ofisi kwa khanga ya kumbebea mwanangu, meneja alidhani nimerukwa na akili.

"Ifunue hiyo."

"Sifunui. Isitazame watu usoni baada ya ilichokifanya."

Ilichokifanya ni hiki. Chama chetu cha wakulima, pale Kyela mjini, kilikuwa kinaandaa kitabu cha mkutano mkuu. Soko huria lilikuwa limeingia, wanunuzi binafsi wa kakao wanakuja na magari yao, na ghafla wakubwa wakachoka kuitwa Ndugu. Meneja akaniagiza: kila palipo na "Ndugu", weka "Bwana". Nami nilikuwa mpiga chapa wa majaribio, mtoto wa miezi minane nimemwacha kwa jirani. Mwisho wa mwezi ingeamuliwa kama nabaki au narudi kwenye mpunga wa mama mkwe.

Programu ya kuandikia ukiipa neno la zamani na jipya, inatafuta, inasimama, na chini ya kioo inauliza kwa Kiingereza: nibadilishe? Y kukubali, N kukataa. Ukijibu, inarukia neno linalofuata na kuuliza tena. Ila kila baada ya dakika chache ilijihifadhia kazi yenyewe, na taarifa ya kwamba imehifadhi ikaja kukalia mstari uleule wa swali. Swali hulioni tena, lakini bado linasubiri. Ni kama mtu anakuuliza jambo, mwingine anamziba mdomo, kisha neno lolote utakalotamka linakuwa ndilo jibu.

Nikafika ukurasa wa wanachama waliofariki, ambapo "Ndugu" ni jamaa, si cheo, na jibu ni N. Taarifa ikajitokeza. Nikadhani inataka ridhaa yangu ndipo iondoke, nikabonyeza Y. Kumbe nimelijibu swali lililozibwa. "Ndugu wa marehemu" akawa "Bwana wa marehemu", na kitabu kikagawiwa hivyo hivyo.

Kesho yake akaja mtu mzima kutoka Makwale.

"Ugonile, mama," akanisalimia kwa upole uliotisha, akafungua kitabu mezani pangu. "Aliyekufa ni dada yangu, tumbo moja. Hapa umenifanya mume wake. Mahari nilipeleka wapi, kwa baba yangu mwenyewe?"

Mhasibu akapasuka kicheko. "Chama hiki kinaozesha hata maiti!"

Niliomba radhi mpaka mate yakakauka. Yule baba alipoondoka, meneja akanigeukia: "Kwako wewe N ni Ndiyo, basi Y ikawa Hapana, sivyo?"

"Kidato cha nne nimemaliza, bosi. N naijua."

Saa tisa nikakabidhiwa barua ya onyo.

Fundi aliyetuletea mashine alikuja kutoka Mbeya. "Dada, zima tu huko kujihifadhi."

"Umeme wa Kyela unaujua? Wingu likipita tu, giza. Nikizima, nani ataniandikia upya kurasa nzima?"

"Sasa unataka nini?"

"Ihifadhi kimya. Au ingoje nijibu kwanza."

Akakuna kichwa, akasema huenda upo mpangilio wa namna hiyo, ila kitabu cha maelekezo amekiacha Mbeya. Akaondoka. Nikaanza kusahihisha. Maziwa yameshalowesha blauzi, saa ya kunyonyesha imepita, na pale penye jina la marehemu yuleyule, taarifa ikakalia swali tena.

Ndipo nikafungua khanga, nikaifunika mashine. Nikaomba karatasi, nikaandika kwa mkono wangu, nikapeleka masjala ikagongwa muhuri:

"Ndugu Meneja,

YAH: TAARIFA ZA KUHIFADHI KUZIBA MASWALI YA KOMPYUTA

Nalalamika rasmi kwamba mashine ya ofisi huandika taarifa zake za kuhifadhi juu ya swali ambalo bado halijajibiwa, na kwamba nimepewa onyo kwa kosa hilo. Sikatai kuhifadhi, kwa umeme wetu ni lazima. Naomba fundi arudi na kitabu chake, anyamazishe taarifa hizo wakati wote swali linapokuwa wazi. Naomba pia barua ya onyo iondolewe kwenye jalada langu kabla majaribio yangu hayajaamuliwa, na ofisi imwombe radhi kwa maandishi ndugu wa marehemu.

Neno 'Ndugu' hapo juu nimeliandika kwa makusudi. Halijabadilishwa na mashine."