Dakika Moja ya Mama Béatrice

Kwa miaka kumi na minane Béatrice Monga amefundisha fizikia mjini Kamina bila kupandisha sauti. Wanafunzi wanamwita Mama Pole, naye anajua, wala haimchomi. Hata siku alipomzika mumewe alilia kwa adabu. Watu wa namna hii hudhaniwa ni baridi. Wanaodhani hivyo hawajamwona akibandika mapezi ya roketi huku ulimi umemtoka nje.

Roketi yenyewe ilikuwa bomba la karatasi ngumu, lenye urefu wa mkono wa mtoto, na parachuti iliyokatwa kwenye mfuko wa plastiki. Injini tu ndiyo ilitoka mbali, nene kama kidole gumba, zawadi ya mdogo wake aliye Ulaya. Ilikuwa moja. Lakini mji wenye kambi ya jeshi hauchezi na vitu vinavyoruka na moshi, kwa hiyo aliandika barua tatu kuomba ruhusa. Jibu la Commandant, mkuu wa kambi, likaja: irushwe mara moja, mbele ya askari. Askari akitoa ripoti mbaya, klabu ya sayansi ifungwe. Klabu hiyo ilikuwa na watoto ishirini na mmoja, na Béatrice aliwapenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jumamosi asubuhi askari aliyetumwa, Adjudant Kabamba, alifika uwanja wa shule kwa pikipiki kutoka Base, yaani kambini, buti zinang'aa. Kiti alichopewa hakukikalia. Béatrice akachomeka ufunguo kwenye kiwashio, taa ndogo nyekundu ikawaka, na hapo hapo Mchungaji Élisha, aliyealikwa kubariki shughuli, akasema, "Tuombe." Mmethodisti gani wa Kamina atamkatiza mchungaji? Aliombea watoto, walimu, reli, mvua, hata mahindi ya Kaniama. Taa ikawa inafifia, betri zinakwisha. Béatrice alikuwa amefumba macho kama wenzake.

"Amina!" Watoto wakahesabu kutoka tano kurudi nyuma. Akabonyeza. Moshi mwembamba ukatoka chini ya roketi, ukakatika. Kisha kimya.

Akachomoa ufunguo. Watoto walikuwa wameikariri sheria: isiporuka, mtu asisogee mpaka dakika nzima ipite, maana huenda moto umelala tu.

Adjudant hakuwa amefundishwa hilo. "Iko nini? Minyi nitaona," akasema, akaanza kuiendea roketi.

Béatrice alipima haraka. Akimkataza mwanajeshi mbele za watu, klabu imekwenda na maji. Akimwacha, uso wa mtu utainama juu ya injini ile. Hatua tano. Hatua kumi.

"Weye! Papa! Shimama pale pale!"

Sauti ilimshtua hata yeye mwenyewe. Watoto wakaziba midomo. Mchungaji akaangalia viatu vyake. Adjudant aligeuka polepole.

"Ni minyi njo unapigia makelele?"

"Ni weye, papa. Moto haijuake grade, haijuake mukubwa. Rudia huku, ngoja minute moja."

Kabamba alimkodolea macho, akaiangalia roketi, akarudi akasimama kando yake, shingo imevimba. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko sala ya mchungaji, na hilo si jambo dogo.

Ilipokwisha, Béatrice alikwenda peke yake, akabadilisha waya wa kuwashia. Alipokagua betri akazikuta zimekufa. Kabla hajaomba, Kabamba alikuwa anasukuma pikipiki yake, akafungua betri ya pikipiki na kumshikisha waya zake. Watoto wakahesabu tena.

Roketi ilipaa kwa mlio wa nguo inayochanwa, parachuti ikafunguka, ikatua karibu na goli. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Béatrice hakushangilia, alimtazama adjudant aliyekuwa akiandika juu ya tangi la pikipiki.

Kabamba akamletea karatasi asaini. Ilikuwa kwa Kifaransa: kifaa kimeruka, hakuna madhara. Halafu mstari wa chini: mara ya kwanza adjudant alitaka kukikaribia, mwalimu akamkataza, adjudant akatii.

Béatrice aliusoma mstari ule mara mbili. Hapakuwa na neno baya juu ya klabu; aliyejiandikia kosa ni adjudant mwenyewe.

"Saini, mama," Kabamba alisema, macho yake kwingine. "Commandant iko anangoja."