Mtafsiri wa Tamthilia na Simu Iliyo Mezani

Jumapili iliyopita, saa saba mchana, mvua ilitukusanya katika mgahawa mmoja jirani na kituo cha mabasi cha Kabanga. Kwenye runinga, mume katika tamthilia ya kigeni alikuwa akipekua simu ya mkewe, na mtafsiri aliyeiingizia sauti ya Kiswahili akaongeza la kwake: “Wanaume wenzangu, mnasubiri nini?”

Watu walicheka. Bwana wa meza ya jirani hakucheka. Alimnyooshea mkewe kiganja.

“Lete simu.”

“Baba watoto, mbele za watu?”

“Nimesema lete.”

Kicheko kilikatika. Mama yule aliifuta simu yake kwa ncha ya kitenge, akaifungua, akaiweka mezani taratibu.

“Pekua. Lakini na ya kwako iweke hapa. Au huyo mtafsiri ndiye padri aliyetufungisha ndoa?”

Mkono wa mume ulirudi, ukafunika mfuko wa shati, ukabaki hapo.

Wengi hulalamika kwamba tamthilia zinavunja ndoa. Ile ya Jumapili ilimhimiza mume apekue. Haikumwambia afunike mfuko. Mvua ilipokatika, mezani palikuwa bado na simu moja.