X Nyekundu Kwenye Choo cha Shule

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nikajiona afisa kamili, nikaingia ofisi ya afya pale Babati mjini nikinukia poda. Mkuu wetu, Afisa Afya wa Halmashauri, alikuwa mzee mfupi mwenye sauti nzito ya kwaya. Nikamwamkia, akaitika "marahaba", kisha akatazama miguu yangu.

"Binti, hivyo viatu ni vya harusi. Sisi ofisi yetu ni chooni. Kuna mabuti nyuma ya mlango."

Mabuti yenyewe yalinizidi, nikawa natembea kama bata. Mchana ule ule nikapelekwa Sigino kukagua shule ya msingi. Ninyi mnaoingia kazi hii sasa na simu zenu za kupigia picha, jueni kwamba sisi tulikwenda na tochi tu. Tulihesabu matundu, maana choo cha shule hakihesabiwi kwa jengo bali kwa tundu, yaani chumba kimoja cha mtoto mmoja. Tulimulika slabu, ile sakafu ya zege iliyolalia juu ya shimo, kutafuta ufa. Tulitazama maji, jiko la uji, jalala, na kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kamba ya kukanyaga. Jioni nikamletea mkuu taarifa yangu, mwandiko umenyooka. Akaipokea bila kuitazama.

"Wazazi umewaambia?"

"Hapana, mzee. Nimeleta kwako."

"Mimi sina mtoto Sigino. Ukikagua choo bila kumwambia mzazi, umekwenda kunusa tu."

Nilinuna hadi nyumbani. Lakini nilivyozidi kuizoea kazi ndivyo nilivyozidi kumpenda yule mzee, kwa sababu kukagua ni kazi ya mchana mmoja, na kumfanya mzazi asikie ni kazi ya mwaka. Nilisimama kanisani baada ya matangazo ya ndoa. Nilimwomba imamu nafasi fupi baada ya swala ya Ijumaa, akanipa. Pahali nilipopapenda zaidi ni kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu mtu haondoki pale hadi unga wake utoke, apende asipende. Nimepiga kelele kuhusu kunawa mikono mpaka sauti ikanikauka, nimerudi nyumbani nyusi nyeupe kwa unga, na mume wangu akauliza kama nimezeeka ghafla.

Baadaye nikahamishiwa Bonga, na huko ndiko kazi ilikonitia hofu ya kweli. Katika shule moja iliyokuwa kando ya barabara ya Dodoma, choo cha wasichana kilikuwa na slabu yenye ufa, na chini yake udongo wa ukingo wa shimo ulikuwa umeanza kumomonyoka. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Nilimwambia Mwalimu Mkuu akifunge siku ile ile, akakubali. Wasichana wakahamia tundu moja la walimu. Foleni ikawa ndefu, na wenye haraka wakawa wanarudi kwa siri kwenye kile kibovu.

Dawa ilikuwa shimo jipya, na shimo lilitaka nguvu za wazazi. Tukaitisha mkutano. Wakaja akina mama wale wale wa siku zote, wakajaza benchi moja. Tukaitisha wa pili, benchi likabaki na nafasi.

"Bibi Afya, watu wana mashamba," Mwalimu Mkuu aliniambia. "Choo hakimtoi mtu shambani."

Basi nikasema walau watoto wazuiwe. Mtoto wa darasa la kwanza hajui kusoma neno "hatari", kwa hiyo nikachukua rangi nyekundu iliyobaki ofisi ya kata, nikachora X kubwa kwenye mlango. Rangi ilikuwa bado ipo, nikachora nyingine ukutani kwa nyuma, upande unaotazama barabara. Nikaosha brashi, nikaenda kunywa chai.

Kesho yake asubuhi nilikuta uwanja wa shule umejaa. Walikuwapo wakulima na majembe yao, wenye maduka waliofunga maduka, na wazee ambao sikuwahi kuwaona kwenye mkutano wowote. Mbele yao alisimama Baba Paskali, ambaye nyumba yake na shamba lake la mahindi vilipakana na shule.

"Mama, tuambie ukweli," alisema. "Barabara inapanuliwa? Shule mmeiwekea X, na mimi hapa nimepakana nayo. Nibomoe mwenyewe au nisubiri?"

Kila anayeishi kando ya barabara kuu anajua X nyekundu ukutani maana yake nini. Mimi peke yangu nilikuwa nimesahau. Mwalimu Mkuu alinitazama, nikamtazama, naye akainamisha kichwa kuficha kicheko.

Nikaona nikiwaambia tu "si barabara, nendeni", wataondoka. Nikamwomba Baba Paskali anifuate hadi mlangoni pa choo. Nikampa jiwe, nikamwambia alidondoshe kwenye ufa. Jiwe likagonga ukingo, kisha tukasikia udongo ukiporomoka chini, ukiendelea kuporomoka hata baada ya jiwe kutulia.

"Hakuna anayebomoa nyumba zenu," nikasema. "Kitakachobomoka ni hiki, na binti zenu bado wanaingia."

Baba Paskali alikuwa na mabinti, wote wakisoma pale. Akawageukia wenzake. "Majembe si tunayo hapa? Basi tuchimbe."

Wakachimba tangu siku ile, kwa zamu, mpaka choo kipya kikasimama. Masika ilipochanganya, kile cha zamani kilizama usiku na X zake zote. Asubuhi Mwalimu Mkuu aliwapanga watoto mstarini akawaita majina, wote wakaitika. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Siku ya kuniaga kazini Mwalimu Mkuu yule, mstaafu kama mimi sasa, alikuja na zawadi iliyofungwa vizuri. Nilipoifungua ukumbi ulicheka: kopo la rangi nyekundu. Nimelihifadhi kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Sasa nakaa Maisaka, nafuga kuku, na mjukuu wangu anasoma hapa jirani. Juzi nilikwenda na tochi yangu, nikaona slabu yao imeanza ufa mdogo. Mkutano wa wazazi ukaitishwa, nikahudhuria. Tulijaza benchi moja.

Jana nilinunua brashi.