Kisiwani Tusikojulikana

Kwa miaka kadhaa nilipiga deki ofisi ya watu wanaouza safari, kule upande wa kaskazini wa Johannesburg ambako hata miti imepandwa kwa mstari. Kila mwisho wa mwaka walivitupa vijitabu vya mwaka unaoisha, karatasi nzito zinazong'aa, na mimi sikuona sababu ya kuitia mali ile jalalani. Nilivibeba hadi nyumbani Malvern. Vingine nilitandika kwenye droo, vingine binti yetu alivikata picha za kazi za shule. Kimoja mume wangu alikichukua akakiweka chini ya mto wake, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kilikuwa cha visiwa vya Karibi. Kisiwa alichokipenda kilikuwa kidogo kiasi kwamba kwenye ramani jina lake liliandikwa baharini, maana nchi kavu haikutosha herufi. Kulikuwa na picha ya hoteli nyeupe, viti virefu vya kulalia vimepangwa mchangani, na katika kiti cha pili kutoka majini mwanamume amelala, kofia usoni. Mimi nilitazama maji. Mume wangu alimtazama yule mtu.

"Huyu hapa," aliniambia, "hakuna anayemjua."

Nilicheka. Mtu wa Tanga, aliyezaliwa anaisikia bahari akiwa kitandani, amekuja mji usio na hata mto wa maana, halafu anataka kuvuka nusu ya dunia akalipie bahari ya wenzake. Nikamwambia kwao iko ya bure. Akasema hiyo ya bure ndiyo ghali. Na kweli, anayerudi nyumbani kutoka Sauzi harudi kupumzika. Hujafungua begi, baraza imejaa: huyu simu, yule ada ya shule, yule paa limevuja, na shangazi mmoja haombi kitu ila amekaa anakuangalia viatu. Nilimwelewa, lakini nilijua hayo siyo yote.

Yaliyobaki yalikuwa macho yake. Mwaka 2016 daktari alimwambia ana presha ya macho, ugonjwa unaokula uoni kuanzia pembeni, taratibu, bila maumivu, na kinachokwenda hakirudi. Dawa ya matone ingeuzuia ikiwekwa kila siku asubuhi, mchana na usiku, bila kuruka. Mume wangu aliusikiliza ugonjwa ule akaujua. Baba yake aliupata akapofuka kabla hajawa mzee, na yeye alipokuwa mdogo ndiye aliyemwongoza mitaani Ngamiani, kila mmoja ameshika ncha yake ya fimbo.

"Tukikaribia baraza watu wananyamaza," alinisimulia. "Tukishapita, wanaendelea."

Alikichukia kile kimya kuliko giza lenyewe. Alitaka, kabla halijamfikia, akae wiki moja mahali ambapo mtu anaweza kupapasa kikombe chake na asiwepo wa kupunguza sauti. Awe bado anaona, na asiwepo wa kumwona. Baada ya hapo, alisema, lije litakalokuja. Basi nikaacha kucheka, tukaanza kupanga.

Ofisini kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi, mtu wa Durban, aliyekuwa na kawaida ya kuninyanyulia miguu nikipitisha deki chini ya meza yake. Nikamuuliza. Kwanza alidhani namtania. Kisha akavuta kiti akatafuta kweli, na kwa wiki nyingi akawa akinipa habari kidogo kidogo. Kisiwa kile hakikudai visa kwa pasipoti kama zetu. Tungepanda ndege tatu. Julai msimu wa vimbunga unakuwa umeanza lakini haujachachamaa, ndiyo maana bei inashuka, na Julai kwetu ni baridi na kazi ya ushonaji imelala. Tulitaka chumba cha chini, kwa kuwa ngazi zilikwishaanza kumsumbua jioni. Tuliuliza habari za nyama ya halali, hoteli ikajibu kwamba samaki wapo kila siku, na mume wangu akasema watu hao wana adabu.

Yeye alishona. Alijishonea mashati mawili ya kitani, meupe, na mimi akanishonea vazi la kuogelea lenye mikono mirefu na kilemba chake, kwa kitambaa kile kinachovutika. Nilipolivaa mbele ya kioo nilionekana kama mzamiaji wa jeshi. Alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Na hatukumwambia mtu. Kwetu safari haitangazwi. Mtu huaga akiwa amekwishafika, anapiga simu kwa namba ngeni, anasema niko huku. Ni hadhari ya kijicho, na ni mazoea tu, hata asiyeamini kijicho anafanya. Tulikubaliana tungesema tunakwenda Durban kutibiwa mgongo wangu, na mimi nikaanza mapema kujishika kiuno mbele ya majirani. Macho yake nayo tuliyaweka kwenye siri hiyohiyo. Siri mbili ndani ya mfuko mmoja, ukifungua kutoa moja nyingine inaanguka.

Alifanya kazi Jeppestown, katika safu ya mafundi waliopanga gereji ya zamani, milango wazi barabarani, cherehani za umeme mbele na vitambaa nyuma. Wengi wao walikuwa Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu. Ukipita pale huwezi kusikia simu yako. Cherehani moja ikipumzika nyingine inashika, na mume wangu alidai anaweza kusema nani anashona nini kwa mlio tu. Safu ile ilikuwa inanyamaza yote kwa pamoja wakati mmoja tu, umeme ukikatika. Wenzake walimpenda na kumtania. Fundi wa meza ya jirani, Mkongo, alikuwa akimwona anavyoutafuta uzi kwa ulimi na vidole, akimwita mzee kwa Kifaransa, "Vieux, hii sindano inakukimbiaka juu ya nini?" Naye alijibu kwamba sindano za siku hizi hazina heshima.

Mwaka 2018 tulilipia. Safari ilikuwa ya Julai, baada ya Idi. Na kwa sababu ilikuwa karibu, mume wangu alitia nia ya kumshukuru Mungu mapema. Alianza kufunga Rajabu, Jumatatu na Alhamisi. Shaaban akaendelea. Ramadhani ikaingia na baridi, akafunga yote, na Idi ilipopita akaunganisha sita za Shawali. Mimi nilikuwa nikiondoka alfajiri kwenda kazini, nikirudi magharibi. Tukimaliza kufuturu nilikuwa namwona analaza kichwa nyuma na kuweka matone, nami nikiona hivyo moyo unatulia.

Jumamosi moja, safari ikiwa imebakiza siku chache, tulikuwa tunapanga begi sebuleni. Alikifungua kile kijitabu ambacho sasa kilikuwa kimelegea mgongo, akakiweka magotini, akanionyesha kwa kidole.

"Hapa," alisema. "Kiti cha pili kutoka majini. Hapa ndipo nitakapokaa."

Kidole kilikuwa kwenye ukurasa wa masharti ya bima. Hapakuwa na picha. Palikuwa na maandishi madogo kutoka juu mpaka chini, na kidole cha mume wangu katikati yake kikigonga polepole, tap, tap, na uso wake una furaha.

 Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, alinitazama akafungua mdomo, nikamtikisia kichwa. Nilikwenda kwenye mkoba wa kazi wa mume wangu. Matone aliyoyaweka usiku yalikuwa yanakaa jikoni. Ya asubuhi na mchana alikwenda nayo kazini, na chupa niliyoikuta mkobani, ya tangu Ramadhani, ilikuwa bado imejaa. Nyingine chini yake haikuwa imevunjwa hata kizibo.

Nilikaa kwenye zulia na hasira zangu na chupa mkononi, nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa utulivu kwamba matone yakiingia jichoni yanateremka kooni. Alikuwa anayaonja, machungu. Kinachofika kooni kinafunguza saumu. Kwa hiyo siku za kufunga aliweka ya usiku tu. Hakuumwa, hakuona tofauti, ugonjwa wenyewe hauumi. Alitaka saumu iliyotimia, isiyo na shaka, ili safari ikubaliwe.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa sheikh wa msikiti wetu, mtu wa Tanga naye, mpole. Sikuzunguka, nilimuuliza. Alinijibu bila kufungua kitabu: kwa madhehebu yetu dawa ya jicho haifunguzi, hata ukiionja, na hata ingefunguza, mgonjwa ana ruhusa na atalipa akipona. Akaniuliza nani anaumwa. Nikasema mtu.

Nilirudi nimewaka. Nikamwambia alichosema sheikh, neno kwa neno. Nikamuuliza, "Kwa nini hukumuuliza? Swali moja tu."

 "Ningemuuliza," alisema, "angejua."

Hospitali tulipanga foleni tangu kiza. Daktari, binti mdogo mwenye macho ya uchovu, alimpima muda mrefu, akapima tena. Uoni wa jicho la kushoto ulikuwa umekwisha. La kulia lilibaki na tundu dogo katikati, na hilo nalo lilikuwa linafumba. Alieleza kwamba kwa mtu ambaye ugonjwa umeshafika mbali, miezi kama ile inatosha. Hakugomba. Ningefurahi angegomba.

Yule mama wa ofisini nililazimika kumwambia, wa kwanza kuambiwa. Alilia kuliko mimi. Akasema tusikate tamaa, ataiandikia hoteli, watampangia mtu wa kumshika mkono, na kila uwanja wa ndege watampokea kwa kiti cha magurudumu. Nilileta habari hiyo nyumbani nikiwa na tumaini, naungama, kwa kuwa na mimi nilikuwa nimekwishakipenda kisiwa kile. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kiti cha magurudumu," alisema. "Ili uwanja mzima ugeuke. Halafu nifike niisikilize bahari? Sauti yake naijua."

Hatukwenda. Mwezi Julai tulikaa Malvern na baridi yetu. Vazi langu la kuogelea nililikunja nikaliweka chini kabisa ya kabati, na mpaka leo sijui la kulifanyia. Agosti, Septemba, lile tundu lilifumba. Mafundi wa Jeppestown walipopiga simu tuliwaambia mgongo umemshika, yaani ule ugonjwa wangu wa uongo nilimpa yeye. Waliamini, wakatuma salamu na machungwa. Cherehani yake waliifunika kitambaa wakamtunzia nafasi.

Mwanzoni mwa 2019 alitaka mkasi wake. Mkasi wa fundi hauachwi kwa watu, alisema, na hautumwi mtu kuuchukua. Ulikuwa wa chuma kizito, alikuja nao kutoka nyumbani. Nikamwambia nitakwenda mimi. Alikataa. Alioga, akavaa shati moja katika yale meupe ya kitani, halijavaliwa hata mara moja, mistari ya pasi bado imesimama, akavaa kofia. Pale mlangoni alinishika kiwiko, na hivyo ndivyo tulivyokwenda.

Teksi ilitushusha kwenye robot, zile taa za barabarani, tukaingia mtaa ule kwa miguu. Kutoka kona nilizisikia cherehani, na nikamwona anazisikia. Uso ulifunguka. Akaanza kuniambia: huyu anashona jinzi, huyu anadarizi, huyu bobini yake inataka mafuta. Alitembea kwa haraka kuliko mimi.

Fundi wa mwanzo aliinua kichwa. Alituona, akaona mkono kwenye kiwiko, akaona namna miguu ya mume wangu inavyoiuliza lami kabla ya kukanyaga. Mguu wake ukatoka kwenye pedali. Wa pili akamtazama yeye, akafuata macho yake, naye akaacha. Kimya kilitembea kwenye safu ile meza kwa meza hadi mwisho. Yule Mkongo jirani alisimama, sentimita ya kupimia shingoni, mkono mdomoni.

Mume wangu alisimama katikati ya barabara.

"Mbona zimenyamaza?"

"Umeme umekatika," nilisema. Siku zile ulikuwa ukikatwa kwa zamu, mji mzima.

Aligeuza kichwa kidogo. Kwenye spaza, kiduka cha pembeni, redio ilikuwa inaimba, na friji la soda linavuma vizuri tu.

"Sawa," alisema.

Aliachia kiwiko changu. Akainyoosha kofia, akalivuta chini shati lake jeupe, kisha akainua mkono juu kuwasalimia, kwa heshima, huku anatabasamu. Lakini kimya hakina upande, na alikuwa ameuelekea ukuta wa ghala lililofungwa. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, mafundi wote walinyanyua mikono kumjibu, wakaishikilia juu, na hakuna aliyetoa sauti.